"Mungu amenisahau": neno la mzee ambalo familia haipashwi kuacha lipite

Kuna neno ambalo wazee wengi wa mashariki mwa Kongo wanalisema mpaka masikio ya jamaa yamelizoea: "Mungu amenisahau." Koko analisema akiwa mlangoni anaota jua, wajukuu wanacheka, mama wa nyumba anaendelea kutwanga sombe, na mazungumzo yanahamia kwingine. Mara nyingi ni uchovu wa siku tu. Lakini kuna siku neno hilo linabeba jambo ambalo mzee hawezi kulitaja wazi mbele ya watoto wake: kwamba anataka kufa, na kwamba ameanza kuwaza kujiua.

Ni vigumu kuamini hivyo katika jamii ambamo mzee anapewa kiti cha kwanza na sahani ya kwanza. Kwa watu wengi, kujiua ni jambo la vijana walioumizwa na mapenzi, ao la watu wa Ulaya wanaozeeka peke yao. Takwimu zinaonyesha vingine. Kadiri ya Shirika la Afya Duniani (OMS), watu zaidi ya 720 000 wanajiua kila mwaka duniani, na karibu watatu kati ya wanne wanaishi katika inchi zenye kipato kidogo ao cha kati. Ripoti ya OMS ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba karibu katika kila eneo la dunia, watu wenye miaka 70 na zaidi ndio wenye kiwango cha juu, wanaume na wanawake.

Wazee wana hatari nyingine. Kijana mwenye kukata tamaa mara nyingi hujaribu na kuokolewa. Mzee anasema kidogo, anawaza kwa muda mrefu, mara nyingi yuko peke yake, na mwili wake hauna nguvu ya kupona. Ndiyo maana kwa wazee nafasi ya kuzuia iko mapema, wakati dalili bado ni ndogo.

Huzuni inayojificha ndani ya mwili

Ugonjwa wa huzuni nzito, ambao waganga wanauita depresio, unajulikana kwa machozi. Mzee mara nyingi hana machozi. Yeye analalamika mwili: mgongo, tumbo, kichwa, moyo kudunda, na vipimo vya maabara havionyeshi kitu. Anaamka usiku wa manane na hapati tena usingizi. Chakula kinabaki kwenye sahani. Redio aliyoipenda haiwashi tena. Mama ambaye hakukosa misa ya asubuhi anaanza kusingizia miguu, na mzee aliyekuwa wa kwanza msikitini haonekani Ijumaa mbili mfululizo. Mwingine anakuwa mkali bila sababu. Mwingine alizoea kunywa kasiksi jioni pamoja na wenzake, sasa anakunywa kanyanga asubuhi, peke yake. Katika Lubumbashi na Likasi itakuwa lutuku.

Kila moja ya dalili hizo inapata jibu jepesi: "Ni uzee." Hapo ndipo familia zinapotea njia. Uzee unapunguza mwendo, hauondoi hamu ya kuishi. Kadiri ya OMS, karibu 14% ya watu wenye miaka 70 na zaidi wana tatizo fulani la afya ya akili, maana yake wengi wao hawana. Huzuni nzito ni ugonjwa, na inatibika. Kipimo rahisi kwa familia ni hiki: badiliko ambalo limedumu wiki 2 ao zaidi, na ambalo halifanani na mtu huyo mnayemjua, linafaa kupelekwa kwa muuguzi.

Kuna dalili nyingine zinazoonyesha kwamba hatari iko karibu zaidi. Mzee anasema: "Niko muzigo kwenu", "Mutapumuzika nikienda", ao "Heri nimufuate mama yenu." Anagawa vitu vyake kwa haraka: mbuzi, Biblia, saa, makaratasi ya parseli. Kupanga urithi ni jambo la hekima, na wazee wengi wanalifanya bila shida. Kinachofaa kushtua ni haraka, huzuni, na kuaga watu mmoja mmoja. Anakataa kwa kusudi dawa ya presha ao ya sukari. Anaweka akiba ya vidonge, ao anatafuta dawa ya shamba wakati si majira ya kupulizia. Na kama aliwahi kujaribu kujiua zamani, hata miaka mingi nyuma, hatari yake ni kubwa kuliko ya mwingine.

Dalili moja inadanganya sana. Mzee aliyehangaika kwa wiki nyingi anatulia siku moja, anatabasamu, anakula. Jamaa wanashukuru Mungu. Yawezekana amepona kweli. Yawezekana pia ametulia kwa sababu ameamua. Siku hiyo si ya kumwacha peke yake. Ni siku ya kuketi naye na kuuliza.

Mizigo inayolundikana

Hakuna sababu moja. Mara nyingi ni mizigo mitatu ao mine inayomfikia mtu kwa wakati mmoja, na kiini chake ni kuona kwamba hana tena kazi mbele ya watu wake.

Vita vimewanyang'anya wazee wengi kazi hiyo. Mwaka 2024, watu zaidi ya milioni 7 walikuwa wamehama makwao ndani ya RDC, wengi wao katika majimbo ya mashariki. Kijana aliyekimbia anaweza kuendesha motari ao kubeba mizigo. Mzee aliyekuwa na ng'ombe Masisi ao shamba Kalehe anajikuta anaomba sabuni kwa mjukuu. Mwezi wa 2 mwaka 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipobomolewa, kuna waliorudi vijijini na kukuta nyumba hazipo. Kwa mtu wa miaka 25, nyumba hujengwa upya. Kwa mtu wa miaka 75, swali ni kama ataiona imekwisha.

Kuna mzigo wa pesa. Wafanyakazi wa serikali wanabaki kazini mpaka nguvu zinaisha, kwa kuogopa pensheni isiyotosha ao isiyofika. Baada ya waasi wa AFC/M23 kuteka Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, banki zilifunga milango, na mtu aliyetegemea akaunti yake alibaki mikono mitupu. Katika Katanga ya zamani, wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka Gécamines miaka ya 2003 na 2004 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengine wao wamezeeka wakiwa bado wanadai.

Kuna mzigo wa kifo cha mwenzi. Wakati wa kilio nyumba inajaa watu, wanalala hata kwenye uwanja. Kilio kinapoondolewa, kila mtu anarudi kwake, na mjane anabaki na kitanda kipana. Miezi ya kwanza baada ya hapo ni ya hatari, zaidi kwa wanaume, ambao tangu utoto wanaambiwa kwamba mwanaume halii. Mwanamke mara nyingi ana kikundi cha likelemba, kwaya, jirani wa kuchota naye maji. Mwanaume alikuwa na mtu mmoja wa kumwambia siri zake, na ndiye amezikwa.

Kuna mzigo wa mwili: maumivu yasiyotulia, macho yenye mtoto wa jicho, masikio yaliyoziba mpaka mzee anaona kwamba watu wanamsengenya. Kutibu maumivu, kupasua mtoto wa jicho, kuongea kwa sauti na taratibu mbele ya uso wake: hayo nayo ni kuzuia kifo.

Na kuna mzigo ambao familia yenyewe inautwika. OMS inakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi anapata mateso fulani ndani ya mwaka mmoja mahali anapoishi: matusi, kuporwa mali, kuachwa bila uangalizi, kupigwa. Katika Kivu, mateso hayo yana sura moja inayojulikana, nayo ni kuitwa mchawi. Mwezi wa 9 mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake wasiopungua 8 waliotuhumiwa uchawi waliuawa kwa kuchomwa ao kupigwa na watu. Mama mzee anayesikia mtoto wake mwenyewe akinong'ona neno hilo amepoteza mahali pa kukimbilia. Anayemlinda na uvumi huo anamlinda pia na mawazo ya kujiua.

Kuuliza bila kuzunguka

Hofu ya familia nyingi ni hii: "Tukimuuliza, tutamtia wazo kichwani." Sivyo. Utafiti uliofanywa katika inchi mbalimbali unaonyesha kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakuongezi mawazo hayo. Wengi wanapata nafuu, kwa sababu hatimaye kuna mtu wa kubeba siri hiyo pamoja nao.

Shida ya kweli ni heshima. Mkwe hawezi kumuuliza baba mkwe jambo kama hilo. Mtoto wa kwanza anaona haya. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atauliza. Katika makabila mengi ya mashariki, mjukuu na babu yake wanataniana na kuambiana mambo ambayo wengine hawathubutu, basi mjukuu aliyekomaa anaweza kufaa. Dada ya mzee, rafiki wa rika lake, mtu waliyefanya kazi pamoja, pasteri, padri ao shehe anaweza kufaa pia. Mtoto mdogo asitwikwe kazi hiyo.

Namna ya kuuliza ni kuketi chini naye, mbali na masikio ya nyumba, simu imezimwa, na kuanza na kile kilichoonekana: "Koko, naona siku hizi haukule, haulale. Nini inakuumiza?" Kisha kunyamaza na kumpa muda. Akisema amechoka na maisha, swali linalofuata lisizunguke: "Unawaza kufa? Umeshafikiria kujiua?" Akikubali, kuna maswali mawili zaidi: amewaza namna gani, na ni lini. Mwenye kujibu kwamba ana mpango na ana kitu cha kutumia yuko katika hatari ya leo, si ya wiki kesho.

Kuna majibu yanayofunga mlango. "Utatuletea laana." "Imani yako iko wapi?" "Na watoto wote hawa wanaokupenda?" Mzee akisikia hivyo anaomba radhi, anasema alikuwa anatania, na hatasema tena. Afadhali kumwambia: "Asante kwa kuniambia. Sitakuacha peke yako na jambo hili." Na asiahidiwe kwamba siri itafichwa kwa wote. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Akijibu "ndiyo"

Kazi ya kwanza ni kutomwacha peke yake, mchana na usiku. Jamaa wanapanga zamu, kama wanavyofanya kwa mgonjwa aliyelazwa hospitalini.

Kazi ya pili ni kuondoa karibu naye kila kitu cha hatari: dawa za shamba, dawa za panya, vidonge vingi, silaha kama iko nyumbani. Dawa za hospitali ziwekwe na mtu mmoja, anayempa kipimo cha siku tu. Watu wengine wanaona hilo ni bure, wakisema mwenye kutaka kufa atapata njia. Ukweli ni kwamba wimbi la kutaka kufa mara nyingi linapanda na kushuka ndani ya saa chache. Anayekosa njia wakati huo mara nyingi anaishi. Ndiyo sababu OMS, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, inaweka kuondoa vitu hivyo mbele kati ya hatua inazoshauri. Katika vijiji vya wakulima, dawa za shamba zinaweza kufungiwa kwa kufuli mahali pamoja, mbali na vyumba vya kulala.

Kazi ya tatu ni kumpeleka kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Muuguzi aambiwe wazi kwamba mzee anawaza kujiua. Kusema tu "ana mawazo mengi" hakutoshi. Akiwa amekwisha kunywa kitu ao kujiumiza, ni hospitali moja kwa moja. Asitapishwe, asinyweshwe maziwa wala mafuta ya mawese. Kopo ao karatasi ya dawa ibebwe ili waganga wajue alichokunywa.

Kwa hali nzito kuna vituo vya magonjwa ya akili: Tulizo Letu katika Goma, SOSAME katika Bukavu, na kituo cha Dr Joseph Guislain katika Lubumbashi, vyote vikiwa kazi ya watawa wa Frères de la Charité. Lakini si kila mzee anahitaji kwenda mbali hivyo. Tangu mwaka 2008 OMS ina programu ya kufundisha wauguzi na madaktari wa kawaida kutambua na kutibu huzuni nzito, na wasaidizi wa kisaikolojia wanafanya kazi katika vituo vingi vya afya vya mashariki. Matibabu ni mazungumzo, na kama inahitajika, vidonge. Vidonge hivyo havifanyi kazi usiku mmoja. Vinachukua wiki kadhaa, na familia isiviachishe kwa sababu mzee "amekuwa muzuri". Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitalini ni za hatari kubwa. Ndizo wiki za kumtembelea zaidi.

Na maombi? Kwa wazee wengi, imani ndiyo kamba ya mwisho inayowashikilia, na hakuna muganga mwenye akili atakayeikata. Pasteri anayeketi na mzee na kuomba naye anaokoa. Hatari inaanza pale mzee mgonjwa anapofungwa kwenye chumba cha maombi siku nyingi, anafungishwa chakula, ananyang'anywa dawa zake za presha, ao anaambiwa kwamba roho yake imeuzwa. Maombi na kituo cha afya vinaweza kwenda siku moja, na mtu anayeheshimiwa kanisani akimsindikiza mzee mpaka kwa muuguzi, haya inapungua.

Mzee apewe kazi

Jambo moja limefanyika Afrika ambalo linafaa kufikiriwa na kila mtaa. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa amempoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua kwa kukosa pesa ya basi ya kufika hospitalini. Hakuwa na madaktari wa kuwatuma mitaani. Aliokuwa nao ni mabibi 14, wenye kujitolea kwa kazi ya afya katika jamii. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kutafuta suluhisho la tatizo lake, na wakaketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kama vile watu wa Kivu wanavyosema "mawazo mengi".

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 baada ya utafiti kwa watu wazima 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi 6, kati ya waliopata huduma ya kawaida, karibu nusu bado walikuwa na dalili za huzuni nzito. Kati ya walioketi na mabibi, walikuwa karibu 14%. Wagonjwa hao hawakuwa wazee tu. Somo ni kwamba mwenye kutibu alikuwa mzee. Watu wa kale walisema penye wazee hapaharibiki neno. Harare walilifanya kuwa kazi yenye ratiba.

Mfano wa pili unatoka katika jimbo la Veneto, Italia. Huko wazee walioishi peke yao walipewa huduma ya simu: mtu aliwapigia mara mbili kwa wiki, akauliza wamelalaje, wamekula nini. Kwa miaka zaidi ya 10, vifo vya kujiua kati yao vilikuwa vichache kuliko ilivyotarajiwa. Faida ilionekana zaidi kwa wanawake. Wanaume ni wagumu kufikiwa kwa simu. Huenda wao wanahitaji mtu wa kuketi naye kwenye mchezo wa kibao, ao wa kuwaomba ushauri juu ya mpaka wa shamba.

Hayo hayadai mfuko wa serikali. Chefu wa avenyu anajua nyumba ambamo mzee anaishi peke yake. Reko wanaopita mlango kwa mlango kwa ajili ya chanjo wanaweza kumuuliza mzee maswali mawili ya usingizi na hamu ya kuishi. Kikundi cha likelemba kinaweza kupanga zamu za kumtembelea mjane kwa miezi 6 baada ya kilio. Mtoto aliye Kinshasa, Kampala ao Ulaya anayetuma pesa kila mwisho wa mwezi anaweza kuongeza simu mbili kwa wiki, na ndani ya simu hizo amuulize mzazi jambo analolijua yeye tu: jina la mto, dawa ya miti, namna walivyopatana na jirani zamani.

Tarehe 10 mwezi wa 9 ya kila mwaka ni siku ya dunia ya kuzuia kujiua, na kutakuwa na hotuba. Mzee hangojei hotuba. Anaangalia kama kuna mtu bado anamngoja kula, bado anamuuliza neno, na kama siku akisema amechoka na maisha, kuna mtu ataacha kazi yake, avute kiti, aulize: "Umechoka namna gani?"